Tawi la Kadinali

Birika lilianza kuimba kabla ya kupambazuka, nami nikaketi dirishani na kamera. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka picha za kalenda ya kanisa. Kwa miaka mitatu picha zangu zilikataliwa, kwa sababu kila ndege alionekana amekalia chombo cha plastiki cha mbegu nilichowatundikia nje.

Jirani yangu, mzee Verlyn, aliingia na theluji viatuni, amebeba tawi la msonobari.

"Bi Arlys, unapiga picha ndege au ndoo?"

"Cheka tu, mzee."

"Ndege haendi kwenye chakula moja kwa moja. Hutua kando kwanza, aangalie kama kuna mwewe."

Akatoka kulifunga tawi karibu na mbegu. Alirudi vidole vimekufa ganzi, akaketi nami kusubiri. Kulipokucha, ndege aitwaye kadinali, dume mwekundu kama pilipili, akatua juu ya tawi. Nikabonyeza mara moja tu, kisha nikaituma picha.

Kabla ya chakula cha mchana mchungaji akapiga simu: ukurasa wa Desemba ni wangu. Nilimkatia Verlyn kipande kikubwa cha pai ya maboga.

"Na kesho uje tena," nikamwambia. "Jike lake bado sijampiga picha."