Sauti ya Nasimiyu Ghorofa ya Nne

Nasimiyu aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao Kangemi, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kifuani, kiasi kwamba watu wasiomjua walimwita bwana kwenye simu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi aliwafundisha wanawake kumi na wawili kubeba vyuma katika ukumbi wa kukodi kule Uthiru. Kwake yeye, kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja.

"Chuma kina mwendo kama wimbo," aliwaambia wanaoanza. "Ukikishusha mbio, unaidanganya misuli. Shuka kwa hesabu nne, tulia moja, panda mbili."

Mwendo ulikuwa nusu tu ya somo. Nusu nyingine ni ile aliyoiita rangi ya sauti. Angeishika noti moja kwa sauti ya kifuani, kisha akaiimba tena kwa sauti nyembamba ya puani. Noti ni ileile, nguvu ni zilezile, lakini hakuna aliyekosa kusikia tofauti. Basi mtu aliposhuka na chuma mabegani, Nasimiyu alihesabu kwa sauti nzito, kama anayeburuta gunia sakafuni. Alipopanda, sauti ilifunguka ikang'aa. Wanawake hawakuhitaji kioo. Mwili uliifuata sauti. Naye aliwasikiliza: pumzi ikikwama kooni, au chuma kikitua kwa kishindo kikavu, alijua kuna aliyevuta kwa mgongo badala ya miguu, hata kama amempa kisogo.

Wa kwanza kuyaelewa hayo alikuwa Kamene, msichana wa Kitui aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyohiyo. Urafiki wao ulikuwa wa miaka sita. Mamake Nasimiyu alipolazwa Bungoma, Kamene ndiye aliyeachiwa funguo za nyumba na za ukumbi, na Nasimiyu aliporudi alikuta wanafunzi wote wapo na sufuria zimeoshwa.

Mwezi wa kwanza, jimu moja mpya, ukumbi wa mazoezi wa katikati ya jiji, ilitangaza kwamba inatafuta mwalimu wa kufundisha wanawake. Nasimiyu aliandika barua yake ya maombi kwa mkono mara mbili kabla ya kwenda kuipigisha chapa. Pale palipotakiwa mtu wa kumdhamini, aliandika jina la Kamene na namba yake. Alisubiri wiki tatu. Hakuna aliyempigia.

"Wachana nao," Kamene alimwambia. "Hao wanataka wasichana wembamba wa kupiga picha."

Mwezi wa tatu Kamene alileta habari njema: amepata kazi ya mapokezi katika ofisi moja tao, huko katikati ya jiji. Hangeweza tena kuja Jumanne na Alhamisi. "Lakini nirekodie ukihesabu, dadangu. Nikiwa pekee yangu mwendo unanipotea." Nasimiyu alicheka, akaketi kwenye benchi la kanisa, akahesabu mbele ya simu ya rafiki yake dakika arobaini nzima bila kupumzika. Alipokohoa, alirudia sehemu hiyo.

Ilikuwa mwezi wa saba wakati Maurine, mshonaji wa kule Uthiru na mwanafunzi wake wa siku nyingi, alipoingia ukumbini akitabasamu.

"Mwalimu, hongera! Kumbe siku hizi unafundisha pia tao?"

"Mimi? Nani amekuambia?"

"Binamu yangu alinipeleka jimu ya kwao. Nilimngoja hapo ngazini, nikakusikia kwa spika. Hesabu ilikuwa imekimbia kidogo, lakini ni wewe. Mimi siwezi sahau hiyo sauti."

Alipotaja jina la jimu, ileile iliyoandikiwa barua, Nasimiyu aliuliza tu darasa linaanza saa ngapi.

Jumatano, saa saba mchana, alipanda ngazi za jengo hilo. Alifika ghorofa ya tatu akasimama, mkono ukiwa juu ya chuma cha ngazi. Sauti ilikuwa inashuka kutoka juu. Walikuwa wameikimbiza mpaka hesabu nne zimebanwa kama mbili, na kukimbizwa huko kumeinyanyua, imepoteza nusu ya uzito wake. Chini yake wameweka ngoma ya disko. Lakini ule mkwaruzo mdogo kila alipotamka "tatu" ulikuwa wake. Alijisikia akihesabu mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Alipanda hadi mlangoni, ghorofa ya nne. Watu kama ishirini walikuwa wakiinua na kuangusha vyuma kwa pupa, kelele zikigongana. Mbele yao, amevaa maiki ya sikioni, alikuwa Kamene, akifungua na kufunga mdomo kufuatana na spika.

Darasa lilipokwisha, mama mmoja alimwuliza Kamene, "Kwani sauti yako ikipita kwa spika inakuwa nzito hivyo?"

"Ni maiki tu," Kamene alisema akicheka. Kisha akamwona Nasimiyu, na kicheko kikakatika.

Mwenye jimu, Bwana Ndungu, alikuwa kando akikusanya taulo. "Madam, nikusaidie?"

"Ni mtu wa kwaya yetu," Kamene alisema haraka.

"Naitwa Nasimiyu. Niliwaandikia mwezi wa kwanza."

Ndungu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Nasimiyu? Si wewe ndiye mwenye mgongo ulioharibika? Tulimpigia huyu, akatuambia uliumiza mama mmoja huko Uthiru, na hata wewe mwenyewe huwezi kuinama. Ndiyo tukamchukua yeye."

Nasimiyu aliweka mkoba chini, akavua viatu, akakiendea chuma kilichokuwa karibu, akakitwika mabegani. Akashuka. "Moja... mbili... tatu... nne." Alitulia chini kabisa. Kisha akapanda, na sauti ikapanda naye. Mara ya tatu waliokuwa wakikunja mikeka walikuwa wamesimama kumtazama. Mara ya tano, yule mama aliyeuliza swali alikuwa anashuka pamoja naye, mikono mitupu. Chuma kiliporudi mahali pake hakikulia.

"Basi ni wewe," Ndungu alisema. Alikuna shingo. "Sikiliza, darasa linajaa. Naweza kuwaweka wote wawili."

"Ee, Nasi, tufanye pamoja," Kamene alidakia. "Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

Kamene alianza kuvua maiki ya sikioni.

"Sauti ningekupa, Kamene. Ungeniomba tu. Lakini kwamba nimeumiza mtu? Nimemuumiza nani?"

Machozi yalimjaa Kamene. "Kwa kwaya mimi nasimama mbele na hakuna mtu ananisikia. Wewe ukifungua mdomo tu, kanisa yote inageuka. Nilitaka mara moja wanigeukie mimi."

Laiti Nasimiyu angeambiwa ni shida ya kodi, au ugonjwa, angekuwa na pa kuanzia kusamehe.

"Futa," alisema.

Kamene alitoa simu, akaifuta rekodi mbele yake. Nasimiyu alimshukuru Ndungu kwa kazi aliyompa akaikataa, akavaa viatu vyake, akashuka ngazi. Jumapili hiyo Kamene hakuja kanisani, wala iliyofuata. Baadaye Nasimiyu alisikia kwamba jimu bado inamtumia, na sasa anahesabu mwenyewe.

Lakini kabla ya hayo, Jumamosi ya wiki ileile, siku ambayo Kamene bado alikuwa akija mazoezini, wanawake wa Uthiru waliuliza yuko wapi. "Kazi ya tao imembana," Nasimiyu aliwajibu, kisha akaanza hesabu. Sauti ilitoka kavu, bila kifua, naye aliisikia na hakuweza kuirekebisha. Katikati ya zoezi alimwona Maurine ameinua simu.

"Zima hiyo!" alifoka. "Nani amekuruhusu kunirekodi?"

Maurine aligeuza simu amwonyeshe. Ulikuwa ujumbe wa mtoto wake, akiuliza unga umewekwa wapi.

Nasimiyu alijifuta uso kwa kiganja. "Nisamehe, Maurine. Mjibu mtoto kwanza."

Walisubiri hadi akamaliza kuandika. Kisha Nasimiyu akawaambia wachukue vyuma, waanze upya.