Mtumishi Mmoja wa Mungu

Mimi nimekulia kanisani, na sisemi kwa mafumbo. Kanisa letu lilianza sebuleni kwetu na mhubiri alikuwa mama. Makochi tuliyatoa uani, tukatandika mikeka, na mama akasimama penye mlango wa jikoni akihubiri mpaka jasho linamchuruzika. Sisi watoto tulilala pembeni. Tukiamshwa na kelele za watu wanaonena kwa lugha, tuligeukia upande wa pili tukaendelea na usingizi.

Baba siku hizo alikuwa mlevi wa kutupwa. Alirudi nyumbani akawakuta waumini sebuleni, akawatukana mmoja mmoja kwa zamu. Jumapili moja akaketi kusikiliza, eti apate cha kuwachekesha wenzake. Mama alipoita watu watubu, wa kwanza kupiga magoti akawa yeye. Nililia, nikidhani ameanguka.

Walokole tuna mambo, jamani! Kwa shangazi yangu, dada yake baba, mchungaji ni mwanamke, anavaa wigi na viatu virefu, na mapepo yanamtii vilevile. Kwa mjomba, hereni ni dhambi na televisheni ni sanduku la shetani. Kaka yangu kahamia kwa nabii wa maji ya upako. Tukikutana msibani, kila mmoja anamwombea mwenzake aokoke vizuri. Nilikuwa naona ni kichekesho cha ukoo tu, mpaka kilipoingia nyumbani kwetu.

Kanisa lilikua, tukajenga jengo, na wazee wakaamua tujiunge na dhehebu kubwa. Dhehebu likaja na utaratibu wake: mwanamke aimbe, aombe, afagie, apike, na akitaka kushuhudia asimame chini. Madhabahuni hapandi. Miaka yote ile mama anahubiri, Roho alikuwa hajui utaratibu, siyo? Wazee wakakubali. Baba, sasa naye mzee wa kanisa mwenye suti zake, akakubali pamoja nao.

"Ni utaratibu tu, mama watoto," alimwambia mama mezani. "Roho si yuleyule?"

"Ni yuleyule," mama akajibu. "Ndiyo maana nashangaa."

"Na wewe, baba, kwenye kikao hukufungua hata mdomo?" nikauliza.

"Wewe binti, shughulika na mitambo yako."

Maana pale kanisani mimi ndiye fundi mitambo: spika, nyaya na maiki ziko mikononi mwangu.

Mama hakununa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliomba kitu kimoja tu: siku ya kuweka jengo wakfu, watu waambiwe kanisa lilianzishwa na nani. Asihubiri, sawa. Lakini asifutwe.

"Nitasema mimi mwenyewe kwenye ushuhuda wangu," baba akamwahidi. "Niachie mimi."

Siku ikafika na askofu mgeni akaja. Mama alipangiwa kupokea wageni, kisha akakaa benchi la nyuma karibu na meza yangu ya mitambo, gauni limenyooka kwa pasi. Baba akapanda madhabahuni, akashika maiki.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Kwetu ushuhuda haukamiliki mpaka utaje aliyekuhubiria ukaokoka. Baba alieleza ulevi wake wote, matusi, mitaro alimolala. Alipofika pale pa kutaja jina, mama akakaa wima. Baba akamtupia jicho mwenyekiti wa wazee, aliyekuwa ameketi kando ya askofu.

"Ndipo akanihubiria mtumishi mmoja wa Mungu."

Mtumishi mmoja! Mwanamke aliyemfulia suruali alizotapikia, leo hana hata jina! Mama alitazama mbele tu, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa benchi.

Pengine ingeishia hapo. Lakini askofu ushuhuda ulimgusa, na masikini hakujua lolote. Akasimama akamshika baba bega.

"Mzee, huyo mtumishi yuko wapi? Kama yumo humu, apande hapa tumpe heshima yake."

Wale waumini wa enzi za mikeka wakageuza shingo kumtazama mama. Baba akalamba midomo. Nafasi alikuwa nayo, tena kapewa na askofu mwenyewe! Kuinua mkono tu, kuelekeza benchi la nyuma, basi.

"Alishafariki, baba askofu," akasema.

Askofu akainamisha kichwa. "Basi tusimame kidogo tumkumbuke."

Na watu wakasimama! Hata wale waliojua, wakasimama! Kanisa zima lilisimama kumkumbuka mama yangu, naye amekaa pale, hai, mkoba mapajani.

Walipoketi, akainuka yeye. Akapita katikati ya mabenchi bila haraka. Mwenyekiti akanipungia mkono niweke wimbo, sauti ya mama imezwe. Nikajifanya sioni. Mama hakupanda madhabahuni. Alisimama chini, palepale walipomruhusu.

"Bwana asifiwe, kanisa."

Walioitika walikuwa wachache.

"Baba askofu, mimi ni mke wa huyu mzee. Kanisa hili lilianzia sebuleni kwangu, na huyu aliokoka mbele yangu nikihubiri. Mimi sijafariki." Akamtazama baba. "Ila leo nimefiwa na mume."

Akageuka, akatoka kwa mlango wa mbele. Nikaacha mitambo nikamfuata. Maiki sikuizima, na baba alikuwa bado ameishikilia mdomoni, kwa hiyo mpaka tunafika getini tulikuwa tunasikia anavyohema.