Unyayo wa Kiboko

Kila asubuhi, kabla boti ya wageni haijafika, Scholastika alichukua ufagio wa matawi akaenda kwenye jiwe la kusagia. Aliondoa majani na mavi ya pimbi kwenye shimo lake refu, kisha akalipangusa kwa kiganja. Hakuna aliyemtuma. Mama yake, Wankyo, alisaga ulezi juu ya jiwe hilo mpaka mwaka watu walipoondolewa, kisiwa kikafanywa hifadhi. Wakati huo Scholastika alikuwa wa kubebwa mgongoni.

Leo ufagio uliishia hewani. Kando ya jiwe palisimama kibao kipya, rangi haijakauka: UNYAYO WA KIBOKO WA KALE.

"Kimetoka vizuri, eh?" Alikuwa Baltazari, mkuu wa waongoza wageni. "Watu wanapenda mambo ya kale. Leo utaeleza hivyo hivyo."

"Bosi, hilo ni jiwe la..."

"La nini? Hapa hapakuwaga na watu, Skola. Walipitaga wavuvi tu. Ukisema watu waliishi, kesho watakuja kudai kwao. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, unajua."

Scholastika aliinamisha ufagio, akaanza kufagia. Hata chuoni walimwita Bubu. Lakini hasira ilimkwama kama mwiba wa samaki.

Boti ilileta kikundi cha wanawake wakulima wa pamba kutoka Bunda. Wa mwisho kushuka, kwenye kitenge chake cha kanisani, alikuwa Wankyo, aliyepanda nao boti tu. Asubuhi hiyo yeye na Scholastika waliamka nyumba moja kule Kitaji, ng'ambo ya maji, na hakuwa amesema kwamba angekuja. Macho yao yalipokutana, mama alitikisa kichwa kidogo: usinijue.

Matembezi yakaanza. Scholastika aliwaonyesha fisi maji wakicheza mawimbini, na kenge aliyejianika mwambani. Walipofika kwenye minyaa iliyozunguka uwanja mtupu, alisema, kama alivyofundishwa, "Hivi ni vichaka vya asili." Nyuma yake akasikia sauti ya chini ya mama yake, "Kwa Mniko." Hatua chache mbele, penye magugu matupu, "Kwa Susana." Kila jina lilimchoma. Nani hupanda minyaa duara kamili kama si mtu mwenye ng'ombe?

Kwenye jiwe, Baltazari alikuwa akiwasubiri. "Karibuni mama zangu! Kanyageni hapo, mpige picha!"

Bhoke, mwenyekiti wao, aliinama akachungulia. "Kiboko gani huyu wa mguu mmoja? Alikuwa anaruka kamba?"

Wenzake wakaangua kicheko. Bhoke akamgeukia Scholastika. "Kweli dada, ni kiboko?"

Scholastika alitazama chini. Wakauchukua ukimya wake kuwa jibu. Mmoja akaweka kiatu ndani ya shimo, akatabasamu mbele ya simu. Kisha mwingine. Tope la ufukweni likabaki pale alipopangusa kila asubuhi. Kwa watu wa huku, jiwe la kusagia halikanyagwi. Mtoto akilikanyaga hufokewa kama aliyetia mguu ndani ya chungu. Wanawake hawa wasingethubutu kama sare yake isingewadanganya.

"Na wewe mama, mbona umejitenga?" Baltazari alimwita Wankyo. "Njoo, kiboko alishakufa, hang'ati!"

Wankyo alilitazama jiwe. Akamtazama binti yake. Kisha akainama, taratibu, akaanza kuvua kiatu. Scholastika akaelewa: mama angekanyaga. Angekanyaga jiwe lake mwenyewe, peku, ili mwanawe asifukuzwe kazi.

"Mama, usikanyage!"

Sauti ilitoka kubwa hata yeye ikamshtua.

"Skola," Baltazari alionya.

"Niache, bosi!" Alipiga magoti, akalifuta tope kwa upindo wa sare yake, akiwatazama wanawake wale mmoja mmoja. "Hapa hakupita kiboko. Nimewadanganya. Hili ni jiwe la kusagia, na mwenyewe ni huyu hapa, Wankyo, mama yangu mzazi. Alikuwa anasaga mimi nimelala mgongoni kwake. Hatukupita. Tuliishi. Hapa ni kwetu."