Mkono Uliosajiliwa

Kila Januari, saa tatu asubuhi, mwogeleaji alifika ofisi ya chama cha kuogelea kuthibitisha kwamba mkono wake wa kushoto bado haujaota. Karani alivuta futi kamba, akapima kutoka begani hadi kwenye kiwiko, mahali mkono ulipoishia tangu kuzaliwa kwake, akaandika sentimita zilezile za mwaka jana na kugonga muhuri. Bila muhuri huo hakuna mashindano ya walemavu. Bingwa mara sita wa mita mia, mtu mzima na akili zake, alipimwa kama kitambaa cha suruali miaka tisa mfululizo.

Mwaka wa kumi mkono ukaota. Uliota akiwa mazoezini, wa maji matupu, kuanzia kiwiko hadi vidole vitano, na kila alipotoka bwawani ulibaki humohumo ukimsubiri. Kocha alichuchumaa ukingoni, akautazama, akamwambia akate kucha na arudie mizunguko kumi.

Mwogeleaji hakuwa mtu wa kuficha mambo. Aliutaja kwenye fomu ya usajili, na mama yake, fundi cherehani, alimsema kwa hilo wiki nzima. Kamati ya chama ilikaa vikao vitatu. Iliamua kwamba majini ana mikono miwili, kwa hiyo hawezi kushindana na walemavu. Akaomba basi ashindane na hao wengine. Ikaamua kwamba usajili wa hao wengine hufanyika nchi kavu, na nchi kavu ana mkono mmoja. Watu wazima wenye tai shingoni walitia saini upuuzi huo bila hata kuona haya.

Siku ya ubingwa wa taifa, kwenye bwawa lilelile la mazoezi, alikaa jukwaani na mama yake, amefura kwa hasira. Njia ya nne, aliyoizoea, iliachwa wazi. Filimbi ilipolia, mkono ulichomoka peke yake, ukakata mita mia na kugusa ukuta kabla ya wote. Mpima muda alitazama saa, akaandika rekodi mpya. Mwenyekiti wa chama aliinama, akauvisha medali palepale majini, na watu wakapiga makofi.

Jumatatu aliitwa ofisini, akaenda na mama yake. Chama kimeuteua mkono kwenda mashindano ya kimataifa, karani alimweleza, na kwa kuwa ni wake, asaini ruhusa ya safari. Ndoo yenye mfuniko imeshapatikana.

Mwogeleaji alisoma karatasi mara mbili.

"Na mimi?"

"Wewe hujasajiliwa, dada."

Mama yake alimkataza kusaini. Afadhali wakose wote, alisema, kuliko kuwapa hawa kitu cha kujivunia. Mwogeleaji alichukua kalamu.

"Mkono haujakosea kitu, mama," alisema, akasaini.

Karani aligonga muhuri, kisha akamwomba asogee kidogo pale mlangoni, ndoo ipite.