Kisanduku cha Jina la Msanii

Mimi ndiye niliyeanzisha Rangi za Kusini na mimi ndiye niliyeiharibu, kwa hiyo msimtafute mchawi. Ilikuwa tovuti ya sanaa ya leo ya huku kwetu, Masasi na Newala, na mwaka 2004 neno tovuti lenyewe lilikuwa bado geni mdomoni. Nilikuwa na duka la intaneti karibu na stendi ya Masasi, kompyuta nne, mbili zikiwaka. Soko huria lilikuwa limetuletea mitumba, wanunuzi binafsi wa korosho na minara ya simu. Nikajiambia kwamba kama kila mtu sasa anaruhusiwa kufungua duka lake, mimi nitafungua la sanaa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilijiona sana.

Tulikuwa watatu. Oliva alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kitangari, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Fakihi aliandika vibao vya maduka Newala mjini, na ukimsikiliza yeye, kutoka Ruvuma mpaka baharini hakuna mchoraji mwingine. Mimi nilikuwa na kompyuta. Tulipeana paswedi moja na kanuni moja: kila mmoja wetu anaweza kuandika, na kila mmoja akiona kosa la mwenzake analisahihisha bila kuomba ruhusa. Kanuni hiyo niliitunga mimi, tena niliwasomea kwa sauti, kwa madaha yote ya katibu kata.

Oliva ndiye aliyemwona Mama Alfredi. Alituma picha kwa basi la Newala, kwenye diski iliyofungwa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na barua ya mstari mmoja kwamba tupande huko juu Kitangari tukaone wenyewe. Nilipozifungua nilisogeza kiti karibu na kioo. Zilikuwa kuta za nyumba ya udongo, zimechorwa pande zote nne. Mnunuzi wa korosho amekaa yeye mwenyewe juu ya mzani. Watu watano wamepanda mkorosho mmoja, kila mmoja ameinua simu kutafuta mtandao. Mnara wa simu umevaa khanga na kujitwika ndoo ya maji. Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba mambo yale yote nilikuwa nayapita kila siku bila kuyaona.

Tulipanda Kitangari mwezi wa saba, mimi na Fakihi. Oliva alitupokea na kutupeleka. Mama Alfredi alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mikono imejaa udongo mweupe mpaka kwenye viwiko. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea na kazi. Kila mwaka mvua zikiisha alipaka kuta upya na kuchora mengine, kwa sababu michoro ya mwaka uliopita ilikuwa imeshafutwa na maji ya mvua. Kiswahili alikijua vizuri, lakini mbele ya wageni alimwachia mwanawe azungumze.

Na mwanawe alijua kuzungumza. Alfredi alikuwa rika letu, mnunuzi mdogo wa korosho, kijana wa maneno. Alitueleza maana ya kila mchoro, udongo mwekundu unachimbwa wapi na mweupe wapi. Mama alichovya kitambaa, akapaka, akarudi nyuma hatua mbili kutazama. Mara moja tu alisema kitu kwa Chimakonde, na Oliva akacheka. Nilipouliza amesema nini, Alfredi akajibu kwamba mama anasema karibuni sana. Oliva aliniambia baadaye alichosema: kwamba huyu mgeni wa Masasi anatazama ukuta akiwa amemgeukia mwanangu.

Jina lake sikumuuliza. Mtu wa kutoka mbali anaweza kushangaa, lakini huku kwetu mwanamume wa umri wangu hamuulizi mama mtu mzima, mbele ya mwanawe, "wewe unaitwa nani?" Utaonekana hukulelewa. Ni Mama Alfredi, basi, na hiyo ndiyo heshima yake. Oliva aliona ninavyojiumauma. "Subirini jioni, Kaka Muharami," aliniambia. "Akinawa mikono nitakaa naye, nitamuuliza mimi. Sisi wanawake tunaulizana." Nikasema basi la mwisho halisubiri. Kweli halikuwa likisubiri, ila ningeweza kulala Newala kwa Fakihi.

Kesho yake nikaketi kuandika. Ukurasa ulikuwa na visanduku vya kujaza: kichwa cha habari, mahali, tarehe, jina la msanii. Hicho cha mwisho kilikataa kuachwa wazi. Nikaandika Mama Alfredi, nikaliangalia, nikaona linafanana na kibao cha mgahawa. Watu wa Dar es Salaam na Ulaya wangesoma wakatuona washamba. Nikafuta "Mama". Likabaki "Alfredi, Kitangari", na ukurasa ukakubali.

Nilijiambia nitarekebisha. Nilijiambia hivyo kwa wiki tatu.

Kisha ikaja barua pepe kutoka nyumba moja ya maonyesho Dar es Salaam. Walikuwa wameziona kuta, wamezipenda, wanamwalika Bwana Alfredi aje achore ukuta mzima kwenye maonyesho yao ya Desemba. Mimi wakati huo sikuwa nimewahi kupata barua ya namna hiyo. Niliisoma mpaka nikaikariri. Nikajibu siku hiyo hiyo kwamba Alfredi atakuja, nikapeleka ujumbe kwa Alfredi, na Alfredi akakubali bila kuniuliza hata swali moja. Hilo lilinishangaza kidogo, lakini sikutaka kushangaa zaidi ya hapo.

Mwisho wa mwezi Oliva aliposhuka Masasi aliketi kwenye kompyuta ya dirishani, akafungua ukurasa, akafuta jina nililoweka na kuandika la mama: la ubatizo, la baba yake na la ukoo. Alipoondoka nililifuta nikarudisha langu. Safari ya pili akafanya vile vile, nami vile vile. Nilimuuliza Fakihi, nikitaka aniunge mkono, akaniunga: "Mama na mwana ni nyumba moja, unahangaika nini?" Safari ya tatu Oliva aliandika jina na chini yake akaongeza mstari: tafadhali lisiguswe. Nikaligusa. Halafu nikabadilisha paswedi.

Oliva alikuja Jumamosi moja mchana, vumbi la barabara ya Newala likiwa bado kwenye mtandio. Akaketi, akaandika, akaandika tena.

"Kaka Muharami, paswedi inanikataa."

"Labda mtandao, Mwalimu. Leo unasumbua."

"Mtandao mbona umefunguka? Ni kwetu tu pamefungwa." Aligeuza kiti akanitazama. "Tulisema anayeona kosa asahihishe."

"Si kosa, Mwalimu. Ni utaratibu. Barua imeshakuja kwa jina la Alfredi. Tukianza kubadilisha sasa watasema hatujui tunachofanya."

"Kwani tunajua?"

Nilimwambia hakuna aliyeibiwa, mtoto ni wa mama na sifa ni ya mama. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilimwambia hata tukimwita mama mwenyewe, atapandaje basi mpaka Dar es Salaam, atalala wapi, atasema nini mbele ya watu.

"Ulimuuliza?" alisema Oliva.

Sikuwa nimemuuliza. Akachukua mkoba wake, akaniaga kwa adabu zote, na hakukanyaga tena dukani kwangu. Ningeweza kumkimbilia. Stendi iko hatua mia tu, na basi lake lilikaa nusu saa nzima kabla ya kuondoka. Mimi nilikaa nikilitazama kupitia dirishani.

Dar es Salaam nilikwenda na Alfredi. Walimpa ukuta mrefu wa saruji na pipa la maji ya bomba, safi kabisa. Alfredi akachanganya udongo tuliobeba kwenye magunia, akachora lori, mizani, mkorosho. Havikuwa vibaya sana. Asubuhi ya siku ya ufunguzi tulikuta robo ya ukuta imebanduka na kulala sakafuni. Mama yake hakuwa akitumia maji matupu. Kule juu Kitangari, ambako maji yanafuatwa bondeni kwa mteremko wa kukata magoti, alikuwa akitunza mtungini maji yaliyolowekewa muhogo, na hayo ndiyo yaliyoufanya udongo ushike. Hilo nilikuja kuambiwa na Oliva, miaka baadaye. Alfredi hakulijua. Yeye alijua kuzungumza tu.

Wenye maonyesho walihaha. Mimi nikawatuliza. Nikaomba karatasi, nikaandika maelezo ya kubandika pembeni, kwamba ukuta unaobanduka unazungumzia kuanguka kwa bei ya korosho katika enzi ya soko huria. Watu walisimama mbele yake wakitikisa vichwa. Mmoja aliguswa mpaka akatoa leso. Alfredi alisimama kando, mikono mfukoni, na nilipompigia jicho la pongezi akatazama chini. Nadhani pale ndipo kila mmoja wetu alipojua mwenzake anajua.

Rangi za Kusini iliishi miaka miwili mingine, kama inaweza kuitwa kuishi. Fakihi alihamia Mtwara. Niliandika peke yangu, nikajisahihisha peke yangu, na sikuwahi kuona kosa. Tovuti ilipofungwa, ukurasa wa Alfredi haukufa nayo. Wengine walikuwa wameshaunakili, na walionakili wamenakiliwa na wengine. Mpaka leo ukitafuta utamkuta: Alfredi wa Kitangari, mchoraji wa kuta.

Mwaka 2008 mtu mmoja aliniandikia akiomba picha za kuta mpya za Alfredi. Barua hiyo nilishindwa kuijibu. Nilipanda basi nikaenda Kitangari, nikamtafuta Oliva shuleni, nikamwambia nimekuja kurudisha jina. Hakunisimanga. Alisema tu, "Twende," na njiani ndipo aliponieleza habari ya maji ya muhogo.

Nyumba ilikuwa pale pale. Kuta zilikuwa zimesiribwa vizuri, laini, udongo mwekundu mtupu kuanzia chini mpaka kwenye mapaa. Hapakuwa na hata mstari.

Mama Alfredi alitoa mkeka, tukakaa. Nilimwamkia. Akaniambia Alfredi yuko Mtwara, ana biashara, kama nimemfuata yeye.

"Nimekufuata wewe, mama." Nikamweleza yote, kisanduku, barua, paswedi, hata nusu saa ya basi.  Nilipomaliza nilimwomba ruhusa nimwandikie kila aliyenakili ukurasa wangu, nimwambie mchoraji ni nani, kwa jina lake kamili.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ukiliweka langu," alisema, "yeye atakuwa nani?"

Akanyoosha ukingo wa mkeka, akaendelea.

"Hapa kijijini wanajua nani alichora. Walicheka kidogo, wakaacha. Wewe unataka kuwaambia watu wa kila mahali. Mwanangu atakuwa mwizi wa mama yake, na ana watoto."

"Na kuta, mama? Kwa nini umeacha?"

"Alfredi yuko Mtwara. Nikichora, mgeni anayepita atauliza, hizi kazichora nani, na Alfredi hayupo?" Alipitisha kiganja ukutani, taratibu, kama anayefuta vumbi. "Basi nasiriba tu."

Oliva alimuuliza kwa Chimakonde, kwa sauti ya chini, na yeye akajibu kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. "Mikono? Mwezi wa sita, mvua zikishaisha, huwa inawasha. Halafu mwezi unapita."

Nililia, na sioni haya kusema. Alinisubiri nimalize, akaniletea maji ya kunawa kwenye bakuli, nusu tu, kwa vile yalikuwa ya bondeni. Nilipoinuka kuaga alinishika mkono. "Usiliandike, mwanangu. Nimekusamehe, lakini usiliandike."

Alifariki miaka michache baadaye. Jina lake nalijua. Nililifuta mara tatu kwa vidole hivi, na sasa ningetoa chochote kuliandika mara moja. Sikuliandika hapa. Jina la mwanawe nalo nimelibadilisha ili wajukuu wasichekwe, kwa hiyo hata hilo Mama Alfredi si lake, na katika kurasa zote hizi hakuna neno hata moja ambalo mtu angemwita kwalo akageuka.