Mpokea Simu wa Alhamisi

Taa ya laini ya pili iliwaka na kuzima, ikawaka tena, nami nikawa naiangalia tu. Upande wa pili wa kioo mwenzangu wa mafunzo, tuliyemwita Mshonaji, alikuwa mbele ya maikrofoni, amelegeza mabega kama mtu aliyekaa kwao, akiwauliza wasikilizaji ni kazi gani waliitamani utotoni na hawakuipata. Alinipungia mkono: nipe simu. Nikainua simu, nikaishusha sauti hadi kifuani kama nilivyozoea, nikasema, "Redio hapa, habari za alasiri. Nani mwenzangu?"

"Nzuri, mwanangu," alijibu mama yangu mzazi. "Naomba niongee na yule dada."

Hakunitambua; kwenye laini zile sauti zote zilifanana. Alisema "mwanangu" vilevile anavyomwambia muuza nyanya.

Tulikuwa tumebaki wawili katika mafunzo, na kipindi kilikuwa kimoja. Tulianza saba. Wengine watano walichujwa na mtangazaji mstaafu tuliyempa jina la Bi Dakika, kwa sababu ukiongea naye hakutazami usoni, anatazama saa ya ukutani. Alitufundisha kuingia hewani bila kukohoa, kusoma tangazo kana kwamba hulisomi, na kumaliza neno la mwisho sekunde mbili kabla ya muziki. Jumanne nilitangaza mimi, Mshonaji akapokea simu. Alhamisi alitangaza yeye, mimi nikapokea. Mwisho wa mwezi wa tatu wa mafunzo mmoja angepewa kipindi cha alasiri na mwingine angeambiwa asante.

Niliitaka kazi ile kufa na kupona. Nilifanya mazoezi ya matamshi na penseli katikati ya meno mpaka mate yakalowesha shati. Nilijitengenezea sauti nzito, ya mtu mwenye gari. Mshonaji yeye alitokea kwenye cherehani, kucha bado zina chaki ya vitambaa. Alikosea majina ya wadhamini, akacheka hewani, akaomba radhi. Akisema "hamjambo" alinyamaza kidogo, kama anayengoja jibu, na Bi Dakika alimgombeza kwa hizo sekunde anazotupa bure. Wiki ya tano akaacha kumgombeza.

Siku yangu walipiga watu watatu, mmoja wao akiwa amekosea namba. Siku yake taa zote nne ziliwaka kabla hajamaliza kusalimia.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," fundi mitambo alinitania. Sikucheka. Nilimwonea Mshonaji wivu, na nilipoona haunitoki nikaupa kazi ya kufanya. Nikaanza kumchagulia simu. Mwenye la maana nilimwambia laini mbovu. Niliyemuunganisha ni mlevi, au yule bwana wa salamu anayewataja majirani nyumba kwa nyumba hadi na mbuzi wao. Mshonaji aliwapokea hao hao. Alimwacha bwana wa salamu amalize orodha yake, kisha akamuuliza nani hakumtaja, na mji mzima ukasikia habari za ndugu yake waliyenuniana miaka kumi na moja. Nilitamani kuuma waya.

Lakini kilichoniunguza zaidi kilikuwa nyumbani. Niliishi na mama, umbali wa dakika kumi kwa miguu. Nilimwambia kwamba Alhamisi nakuwa darasani, maana niliona aibu kusema nampokelea mwenzangu simu. Kila Alhamisi nilikuta redio imezimwa, mama anachambua mboga, hana habari na dunia. Nikipita naigusa kwa mgongo wa mkono, naikuta ya moto. Alikuwa akimsikiliza Mshonaji, na akisikia geti anazima. Nikawa kama mume mwenye wivu, anayepapasa kiti ajue mgeni ameondoka saa ngapi.

"Jumanne umenisikia?" niliwahi kumuuliza.

"Nimekusikia, mwanangu. Umeongea sana."

Nilidhani ananisifu.

Sasa alikuwa kwenye simu. Nilikusudia kumwambia laini mbovu. Lakini hasira ilinipanda, nikataka kwanza kujua ana nini cha kumpa mtu baki ambacho mimi sikupewa.

"Unataka kumwambia nini?"

"Aa, ya zamani tu, baba. Mimi nilitaka kuwa mtangazaji."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, yote nimeishi naye chumba kwa chumba, na neno hilo sikuwahi kulisikia. Nikaibana simu sikioni. Naye akaendelea, taratibu. Alisema alipokuwa msichana aliwasomea gazeti kina mama waliokuwa wakisukana nywele, magazeti yaliyofungiwa sabuni, na pale lilipochanika alimalizia habari kwa kichwa chake. Wakamwambia aende redioni akajaribiwe. Akaenda, akakalishwa, taa nyekundu ikawaka.

"Nikasema 'hamjambo.' Nikangoja waitikie." Akacheka. "Hakuna aliyeitikia, baba. Kimya! Nikaona haya, nikainuka, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu."

Taa nyingine tatu zilikuwa zikiwaka. Mshonaji alinipungia tena, mara ya pili, ya tatu.

"Ndiyo maana nampenda yule dada," mama alisema. "Akisalimia anakungoja. Nina kijana wangu anajifunza hapo hapo kwenu, huyo wa Jumanne. Namwitikia hapa peke yangu, lakini nikifungua mdomo yeye ameshapita. Na sauti ile si yake, sijui kaitoa wapi. Siwezi kumwambia, ataumia. Ana wivu yule, tangu mdogo. Hata redio namfichia. Upo?"

"Nipo, mama," nilinong'ona. Kila mpigaji wa umri wake nilimwita mama, kwa hiyo halikumshtua.

Nilipoinua macho Mshonaji alikuwa ananitazama kupitia kioo. Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliushusha mkono, akaigeukia maikrofoni, na bila simu hata moja akaanza kuwasimulia watu magauni aliyoshona ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Moja lilikuwa la harusi. Dakika nane nzima.

"Basi, usiniunganishe," mama alisema. "Nimeshasema yote. Asante, mwanangu, unajua kusikiliza." Akakata.

Wiki iliyofuata watu walipita redioni kuulizia lile gauni la harusi, na Mshonaji akapewa kipindi. Nilimweleza Bi Dakika habari ya simu nilizokuwa nikizichuja. "Najua. Kutoka ofisini kwangu taa zinaonekana," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni, akaniambia asante.

Jioni ile nilimwambia mama nimekosa kipindi. Aliacha mboga, akafuta mikono, akanivutia kiti.

"Usikate tamaa. Pale kwenu Alhamisi kuna kijana anapokea simu. Simjui jina. Yule ana masikio! Kaa naye karibu, ujifunze kwake."

Nilitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini ningesema, angejua kwamba yote aliyokuwa akinificha nimeyasikia, na yeye angeona haya kama siku ile ya mkoba.

"Nitamtafuta, mama."

Imepita miaka mingi. Nina kipindi changu, katika redio nyingine, na sauti ninayotumia ni ile niliyozaliwa nayo. Nasema "hamjambo," kisha nangoja, hata meneja akinikodolea macho. Mama siku hizi haizimi redio nikiingia. Mara mbili nimejaribu kumzungukia, nikamuuliza alipokuwa msichana alitamani kazi gani. Mara zote mbili alinicheka.

"Mimi? Nilitamani kukulea wewe."

Habari ya gazeti lililochanika hajanipa, na sasa sidhani kama atanipa. Mshonaji nilishamsamehe kunishinda. Siku hizi hata tunapigiana simu. Ni yule mpokea simu wa Alhamisi ambaye hadi leo namwonea wivu.