Nusu Siku ya Baba Mdogo

Mwajabu alikuwa ameketi mlangoni kwake, Mbwera, anatoa vichwa vya kamba, mumewe aliporudi kutoka Kibiti akiwa wawili.

Wote wawili walikuwa Kondo. Mmoja alinuka barafu ya kiwanda cha kamba, alikokuwa akifanya kazi mchana. Wa pili alikuwa na tochi kwapani, ile ya kulindia ghala la boriti usiku. Kiwanda kilifungwa Jumanne, ghala likafuata Alhamisi. Basi Kondo akaenda ofisi ya mafao kudai fao la kukosa ajira; madai mawili, kwa kuwa kazi zilikuwa mbili na michango alikatwa kotekote. Karani, dada mpole aitwaye Hafsa, akayatenganisha majalada, moja kulia, jingine kushoto. Kondo naye akatengana. Watu wa foleni wakasogea kidogo kumpisha aliyeongezeka.

"Wamesemaje?" Mwajabu akauliza.

"Dai lililotangulia ndilo linalolipwa," akasema yule wa barafu. "La pili linasubiri mpaka la kwanza liishe."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye la pili."

Mwajabu akaongeza kibaba cha mchele kwenye chungu.

Ikabidi litafutwe jina. Binti yao, Warda, akasema kwamba kwa kuwa kazi ya huyu ndiyo iliyokufa nyuma, yeye ndiye mdogo. Akamwita Baba Mdogo, na kijiji kizima kikafuata. Jirani yao Fatu alitaka kujua jambo moja tu.

"Shoga, analala wapi?"

"Dunguni."

"Hapo sawa."

Dungu lao lilikuwa shambani, kibanda juu ya nguzo ndefu, na mpunga ulikuwa ndio unatia maziwa. Wakati huo ndege hawana mchezo. Asipokuwapo mtu wa kuwaamia tangu alfajiri hadi magharibi, watu huvuna makapi. Kondo wa kwanza asingeweza, maana mwenye kulipwa fao akionekana anafanya kazi, fao hukatwa. Yeye alijilaza mkekani, simu kifuani, anangoja ujumbe. Kwa hiyo chakula cha nyumba nzima kwa mwaka mzima kikawa mikononi mwa Baba Mdogo, kwenye kombeo lake, madonge yake ya udongo na makopo aliyoyatundika ili yagongane.

Mwajabu alimpelekea chakula kila mchana. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa akirudi nyumbani kunapopambazuka, anakula kimya, anasinzia kidogo, anatoka tena kwenda kiwandani. Kumbe ana maneno! Alimweleza jinsi mikoko inavyotoa sauti ya mtu anayemeza mate maji yakianza kupwa. Alimweleza jinsi boriti za ghalani zilivyokuwa zikichipua majani gizani, kisha zikiyaangusha kabla meneja hajafika. Mwajabu, aliyelala peke yake usiku wa miaka yote hiyo, alisikiliza hadi wali ukapoa.

Mambo yalianzia miguuni. Siku moja alikuta visigino vya Baba Mdogo vinapitisha mwanga, kama karatasi ya kufungia maandazi.

"Shemeji, unaumwa?"

"Siumwi. Ni siku zinaingiliana. Kila siku anayolipwa mwenzangu na mimi nipo, inaondolewa kwangu. Wanaita marekebisho."

"Utabaki na nini?"

"Hilo waulize Kibiti. Mimi nipe maji."

Marekebisho yakapanda magotini, yakafika kiunoni. Ndege kwanza waliacha kumwogopa. Kisha wakawa hawamwoni kabisa, wakimpita katikati ya kifua kama wanaopita dirishani. Kombeo lilizunguka, donge likatoka limechoka na kuanguka chini ya dungu. Mwajabu akapanda mwenyewe, akagonga makopo na kupiga kelele hadi sauti ikakauka, Warda naye akikimbia upande wa pili wa shamba. Lakini ndege walikwisha kuitana hadi Mbuchi. Walipovuna, mavuno yote Mwajabu aliyabeba kichwani kwa safari moja, na njiani hakupumzika.

Fao la Kondo wa kwanza lilipoisha, ujumbe ukaja kwamba wa pili afike ofisini mwenyewe. Wakati huo Baba Mdogo alikuwa shati tu. Mwajabu akalikunja vizuri, akalitia kapuni, akapanda boti, kisha bodaboda.

Hafsa alilitandika shati kitini.

"Karibu kaka. Pole na kusubiri." Akabonyezabonyeza kompyuta yake. "Siku zilizoingiliana tumeshazitoa. Imebaki nusu siku."

"Mdogo wangu, mtu huyu alifanya kazi mbili."

"Kweli, dada."

"Mkakata michango ya watu wawili."

"Kweli kabisa. Iko hapa yote, haina kasoro." Hafsa alisikitika kidogo, kwa adabu. "Ila mtu hawezi kukosa kazi mara mbili kwa siku moja. Ndio utaratibu."

"Na hiyo nusu siku inaanza lini?"

"Imeshaanza."

Shati likajaa. Baba Mdogo alikuwa amekaa kitini, mzima, nywele zimemtimka kama mtu aliyeamshwa.

"Shemeji, inuka twende," akasema. "Mpunga uko peke yake."

Mwajabu hakumwambia. Walipanda pikipiki ya kijana mmoja, Saidy, Baba Mdogo katikati, Mwajabu nyuma amemshika mabegani. Njia nzima Baba Mdogo alikuwa akipanga: makopo atayahamishia upande wa mto, kombeo atalisuka upya, na leo ndege watamtambua. Mwajabu aliitikia kila neno. Walipofika Ruaruke ikaadhiniwa adhuhuri, na mabega yakaisha mikononi mwake.

Gatini Nyamisati Saidy akataka nauli ya watu wawili.

"Nimeshuka peke yangu, mwanangu."

"Mama, mambo ya kushuka hayanihusu. Mimi nahesabu mtu anapopanda."

Mwajabu akalipa ya wawili. Kisha, kwa kuwa upepo wa majini ulikuwa umeanza, akalivaa shati juu ya gauni lake. Lilikuwa bado na joto. Akafunga vifungo vyote, akaketi kungoja maji yajae.